Dume la Jirani

Buti za serikali nimezirudisha. Mkuu mpya wa kituo alizipokea kwa ncha za vidole, kama anaokota panya aliyekufa, na simlaumu: zimekanyaga mavi ya ng'ombe miaka mingi kuliko umri wake. Sasa nimekaa zangu nyumbani Ndosho, na ninyi vijana wa huduma ya mifugo mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya. Ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vyangu vilikuwa vifupi, na mishahara yenyewe mnaijua. Nitawapeleka mwanzo kabisa, miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala, kwa sababu nilichokijua baadaye karibu chote kilianzia pale.

Mimi ni mtoto wa wachungaji, upande wa Kiwanja. Mapadri walinifundisha kusoma na Kifaransa kidogo, kisha mtu mmoja akamwambia mjomba wangu kwamba kituo cha mifugo cha Goma kinatafuta msaidizi asiyeogopa pembe. Nikapanda kamyo juu ya magunia ya maharagwe, nikashuka Goma nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mji ulikuwa mdogo: ziwa, maduka machache, nyumba za wazungu zenye maua, na mawe meusi ya volkano kila unapoweka mguu. Ndosho hii yenye kelele ilikuwa pori la mbuzi.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Muzee Radjabu, muuguzi wa wanyama, mtu wa Maniema, Mwislamu wa kofia nyeupe isiyopata doa hata siku ya kumzalisha ng'ombe aliyekwama. Alivyofanya sijui mpaka leo. Asubuhi ya kwanza nilimkuta anachemsha sindano kwenye sufuria. Hakuniuliza jina.

"Onyesha mikono."

Nikamwonyesha. Akainusa.

"Hii ni sabuni ya marashi?"

"Ndiyo, Papa."

"Unakuya kushika ngombe ao unakuya kuposa bibi?"

Alinituma ninawe upya kwa sabuni ya kufulia. Ng'ombe akisikia harufu asiyoijua anakaza mwili wote, nawe huwezi tena kumpapasa matezi. Na nusu ya kazi yetu ilikuwa matezi: chini ya sikio, mbele ya bega. Yakivimba, ujue homa ya kupe imeingia, na huyo mnyama anza kumhurumia. Ninyi mna vipimo na maabara, nashukuru Mungu kwa hilo, lakini pelekeni kwanza vidole chini ya sikio. Vidole havisubiri umeme.

Chombo nilichokiogopa kilikuwa pensi. Ni koleo kubwa la chuma la kuhasi madume, refu kama mkono wa mtu. Halikati ngozi, linabana mshipa kwa ndani, upande mmoja kwanza, halafu wa pili, juu au chini kidogo ya ule wa kwanza, ili katikati damu ipate pa kupita. Radjabu aliijaribu pensi yake kila asubuhi. Alikunja karatasi ngumu, akaweka uzi katikati, akabana. Uzi ukikatika na karatasi ikabaki nzima, twende kazini. La sivyo tunarudi kunywa chai. Na pensi haihifadhiwi imefungwa, jamani! Huwekwa wazi, isilegee. Mwezi uliopita nilikuta ya kituo imefungwa na kamba juu. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya keki ya kuniaga. Nasema sasa.

Pensi ile ilikuwa na kazi nyingi wakati huo, na sababu yake ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia. Wakubwa, mbali huko maofisini, walikuwa wameamua kwamba ng'ombe wetu wa pembe ndefu ni pembe tupu: maziwa kidogo, nyama kidogo, majivuno mengi. Yataletwa madume ya Ulaya yapandishe, na madume ya kwetu yahasiwe yote, kilima baada ya kilima, mpaka damu ya zamani iishe.

Mwenye kituo chetu, tuliyemwita Dokta tu, hakukubali. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mtoto wa mkulima, mwenye kikohozi kisichokwisha. Alikuwa ameona kwenye mashamba ya wakoloni ng'ombe wa Ulaya wakianguka kwa homa ya kupe, huku wale wa pembe ndefu wanacheua pembeni kana kwamba hawakualikwa kwenye msiba. Alisema damu inayohimili hivyo ikipotea, hakuna duka itakakonunuliwa. Akawaomba wakubwa, akawaudhi, mwishowe wakampa ruhusa ndogo: aweke kundi la mbegu kwenye malisho ya upande wa ziwa dogo la Lac Vert, achague dume moja au mawili kila kilima, hayo yasihasiwe. Baada ya mvua wangekuja kulitazama kundi. Likiwapendeza, madume ya vilima vilivyobaki yangesalimika. Lisipowapendeza, pensi ipite kwa wote.

Mashefu, yaani machifu wa serikali, wakatangaza vilimani: kila mtu alete dume lake lililo bora kuliko yote, litapandisha, litarudi kwa mwenyewe, hakuna atakayenyang'anywa. Siku ya kuleta, watu wakaja kwa heshima zote, na kofia zao, na fimbo zao. Na madume yao! Mungu wangu. Moja lilitembea upande upande. Moja lilikuwa na nundu iliyolala kama mfuko mtupu. Jingine lilitaka kumuua kila mtu, pamoja na mwenyewe. Radjabu alisimama kuyatazama, mikono nyuma.

"Kama hizi ndizo nzuri," akaninong'oneza, "Mungu asituonyeshe mbaya."

Dokta alizunguka kundi lile, akazunguka tena. Uso wake nilikuwa sijauona hivyo. "Radjabu, hizi ndizo wanazozipenda?"

"Ndivyo banasema, Dokta."

"Basi labda wakubwa wana haki," akasema, akaingia garini.

Sisi tulidhani ni ile desturi ya kuificha serikali mali. Serikali ikisema leta kuku, mtu mwenye akili analeta yule anayekohoa. Lakini Dokta alirudi vilimani, akaapa mbele ya shefu na mbele ya padri kwamba hakuna dume litakalopotea, na watu walimwamini, maana walimpenda. Wakaleta tena. Yale yale, na mengine mabaya zaidi. Hapo hata Radjabu alivua kofia akajikuna kichwa.

Siku chache baadaye nilipita kwa Mama Konsolata kutazama jicho la ndama. Alikuwa mjane, kwake ni ng'ambo ya Lac Vert ukielekea Sake, na ng'ombe wake walilisha katikati ya mawe ya volkano, mahali ambapo wewe ungetafuta pa kukaa tu ukakosa. Alikuwa mama wa kucheka upesi, na hakuniacha kamwe niondoke bila maziwa. Mwaka uliopita homa ya kupe ilikuwa imefagia mazizi mengi ya upande ule. Kwake haikuua hata ndama. Nyuma yake siku ile alisimama dume lake, jekundu la kukoza, kifua kama mlango wa kanisa, pembe zimepanda juu zikakaribia kukutana. Aliitwa Ruhogo. Hakuwa amemleta kwetu. Alikuwa ametuletea lile la kutembea upande upande.

"Mama, huyu naye?"

"Ule?" Hakugeuka hata kumtazama. "Ule ni kitu tu. Anakula, anakunya."

Nikaanza kucheka, kwa sababu ilikuwa sauti ya marehemu baba yangu kabisa. Mgeni akimsifu ng'ombe wetu, baba alitema mate kando na kusema huyo ni tasa, na ndama yuko pale pale ananyonya. Kwetu wachungaji mtu hasifu ng'ombe wake mbele za watu. Ni aibu, tena ni kuita jicho baya. Na sisi tulikuwa tunazunguka vilima na maneno mengi, tunamwomba kila mtu afanye hivyo hivyo, hadharani, mbele ya shefu!

"Sasa tufanye namna gani, Mama?"

"Yoo! Munasoma masomo yote ile, na hamujue? Mutu hawezi sifu ngombe yake. Uliza jirani. Ya jirani anaiangaliaka kila siku na wivu. Atakuambia mpaka meno yake."

"Na wewe jirani yako ni nani?"

Kicheko kikamtoka. Akanyoosha kidevu upande wa ukuta wa mawe ya volkano, mirundo iliyopangwa bila udongo, kama mnavyoiona mpaka leo. "Gahigi. Lakini ule hana kinywa kwangu, na miye sina kinywa kwake."

Habari yao niliijua, kila mtu aliijua. Papa Gahigi na marehemu mume wa Konsolata waligombana juu ya ukuta ule, nani ameusogeza. Wakatukanana vibaya. Mume alipokufa, Gahigi hakuja kwenye kilio. Jirani wa kupakana, asije kwenye kilio! Tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana, hata njiani kwenda misa.

Nilipomweleza Dokta habari ya majirani, alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi Radjabu ampige mgongoni. Akatuambia babu yake naye alikuwa hivyo hivyo na viazi vya mbegu: shambani anakuonyesha vilivyooza, vizuri viko chini ya kitanda. Tukaanza upya, kilima kwa kilima, tukiuliza jirani. Ajabu ya Mungu! Watu walifunguka. Walijua dume la fulani lilizaliwa na ng'ombe gani, binti zake wanakamuliwaje, nani katika uzao wake aliugua na nani hakuugua. Mtu aliyekuwa bubu juu ya zizi lake alizungumza asubuhi nzima juu ya zizi la mwenzake.

Bila shaka, ujanja haukuchelewa. Marafiki wakaanza kusifiana madume mabovu: nisifie langu, nikusifie lako. Ndipo Dokta akatoa amri, na shefu akaikubali: rafiki hatasema. Atasema jirani wa mpaka peke yake, yule ambaye ng'ombe wako huingia kwake. Dume ambalo jirani wa mpaka hakulisemea, wakubwa walishaagiza, ni pensi. Amri ilikuwa nzuri, nami niliisifu, mpaka nilipokumbuka Mama Konsolata anapakana na nani.

Siku ya kilima chao tulijenga kuluwari, ile njia nyembamba ya miti ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja asiweze kugeuka. Watu walijaa. Pensi ilikuwa mikononi mwangu. Radjabu alikuwa ameshaniachia kazi hiyo. Dume likiingia, yeye huuliza, jirani husema, Dokta hutazama, basi: mlango wa kushoto kwenda kundi la mbegu, au mimi.

Ruhogo akaingia. Alikuwa mpana hata mbavu zake zikasugua miti pande zote mbili.

"Jirani wa mupaka ni nani?" akauliza Radjabu.

Kila mtu alitazama nyuma, alikosimama Papa Gahigi na kofia yake ya majani imeshushwa usoni. Hakusogea. Wengine walimjua Ruhogo vizuri, nawaapia, lakini kusema juu ya kichwa cha jirani wa mpaka ilikuwa ni kuvunja amri na kumvunjia mtu heshima, yote kwa mara moja.

Dokta akamwendea Konsolata, akamwambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama, sema weye. Neno moja tu. Nitasikia."

Nilimwona anaupinda ukingo wa kitenge chake, anaupinduapindua. Dume hilo lilikuwa zizi lake lote. Mumewe ndiye aliyelilea, na kila ndama aliyekuwa akisimama kwa miguu yake pale kwake alikuwa wa damu hiyo. Angesema neno moja.

"Ni kitu tu," akasema, machozi yanamtoka. "Anakula, anakunya."

Moyo uliniuma, sitaficha. Nilimpenda mama yule, na nilikuwa nimeshika chuma kitakachommalizia kundi. Nikamtazama Radjabu. Muzee yule, aliyeijaribu pensi asubuhi mbele ya macho yangu, akanyoosha mkono, akaichukua, akatoa karatasi mfukoni, akaikunja polepole, akatafuta uzi. Akaukosa. Akatafuta mfuko mwingine. Akaweka uzi, akabana, akautazama juani upande huu, akautazama upande ule. Sijawahi kuona mtu akijaribu pensi kwa muda mrefu namna ile, na Dokta aliyekuwa na haraka siku zote alitazama ziwa kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Fimbo ikagonga mawe. Papa Gahigi alikuwa anakuja. Alipita mbele ya Konsolata bila kumtazama, akafika kwenye kuluwari, akamwelekezea dume kidole usoni.

"Huyu ni mwizi!"

Watu wakaguna. Mimi nikasema moyoni, basi, kwisha.

"Mwizi! Ukuta wangu ameangusha mara ngapi, miye sijue tena. Nimemupiga mawe. Nimemutukana, yeye na mwenye alimulea, Mungu anirehemu." Hapo akagonga fimbo chini. "Mwaka ulioisha, nikaona batu beko nachanganya mbegu, na miye nikanunua mitamba ya muzungu. Minene, mizuri, shingo inangaa. Homa ikaipiga yote. Yote! Nilikuwa nazika ngombe kila juma. Sasa mukuye kwangu muangalie zizi. Ngombe zenye zilibakia, zenye batoto bangu banakunywa maziwa yake, baba yao ni nani? Ni huyu mwizi. Hakuna ingine. Mukimuhasi, mukuye tu mufunge na mulango yangu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Akavua kofia, akasimama wima kama wanavyosimama wanaume kwenye harusi wakati wa kuwasifu ng'ombe wa mahari, akaanza kumsifu Ruhogo kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya juu. Kwamba ni mwekundu asiyeuliza njia. Kwamba mawe yanasimama na yeye anapita. Kwamba kupe wanamjua na wanamzunguka mbali. Na akamtaja aliyemlea, marehemu, kwa jina lake lote, kwa heshima, mbele ya mjane wake. Ilikuwa ndiyo rambirambi ambayo hakuja kuitoa. Konsolata alijifunika uso na kitenge, na mama mmoja akamshika mabega.

Dokta hakujua Kinyarwanda. "Amesema nini?"

Radjabu, ambaye naye alikijua nusunusu, alikuwa anafuta pensi na kitambaa. "Amesema mlango wa kushoto."

Ruhogo alikaa kwenye kundi la mbegu majira mawili, akarudi kwake. Wakubwa walikuja baada ya mvua, wakatembea katikati ya madume yale yaliyochaguliwa kwa wivu wa majirani, na mwenye cheo kikubwa akaomba kupigwa picha na Ruhogo. Agizo la kuhasi yote halikurudi tena kwenye vilima vyetu. Radjabu alinifundisha miaka mingine mingi kabla hajafa, na Dokta alipoondoka kurudi kwao alilia kituoni, bila aibu, ameshika pembe ya ndama. Baada yao nimefanya kazi na mbuzi, na kondoo, na kuku wa shingo tupu, nimefika Masisi na Rutshuru kwa miguu na kwa velo, yaani baiskeli, na kila nilipotaka kujua ni mnyama gani wa kijiji asipotee, sikumuuliza mwenyewe. Nimeshiba kazi hii, vijana. Nawashukuru walionipa, na nawashukuru ng'ombe pia. Waliniumiza mara chache kuliko walivyoweza.

Lakini msichukue kwangu habari ya pensi tu. Siku ile, watu walipokuwa wanatawanyika, nilikuwa nimeinama nafungua miti ya kuluwari, nikawasikia wawili wale nyuma yangu. Konsolata ndiye aliyeanza.

"Papa Gahigi. Ule ukuta. Nitatuma batoto kesho, baupange muzuri."

Mzee aligeuzageuza kofia yake.

"Hapana, Mama," akasema. "Uache vile. Akirudi, atapitia wapi?"